Zamu ya Mama

Alhamisi alasiri watu wa mtaa wa Katandala walipiga kelele mpaka mbwa wakaitikia. Marsiana wao alikuwa ameingia fainali. Binti wa miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa kijiji cha Mwimbi, amemshinda Mzambia kwa pointi katika ndondi za wanawake, uzito wa kilo hamsini na nne, kwenye Michezo ya Bara kule Afrika Magharibi! Sumbawanga imezoea habari za bei ya mahindi na ahadi za barabara. Habari ya namna hii haikuwa na hata mahali pa kuwekwa, basi kila mtu aliiweka kooni akapiga ukelele.

Vijana walimbeba mwalimu wake, Kasimiri, juu juu, wakamzungusha karakana yote. Kwa riziki alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Ndondi alizifundisha uani, nyuma ya karakana, kwenye ukumbi wa mazoezi, ikiwa bati sita na magunia manne ya mchanga yanastahili kuitwa ukumbi. Alicheka nao, akapeana nao mikono, akanywa chai ya bure ya mwenye mgahawa. Lakini alicheka kwa meno tu. Raundi ya pili ilikuwa haijamkaa sawa.

Walipotawanyika alifunga geti, akakaa juu ya mtungi mtupu wa gesi, akalifungua tena pambano kwenye simu. Aliliangalia mara moja, mara mbili, mara tano. Safari ya sita hakumtazama Mzambia tena. Alitazama mkono wa kulia wa Marsiana peke yake, na hapo akaona kitu ambacho angekuwa amekiona miaka mitano iliyopita laiti angekuwa na macho ya kuona.

Marsiana akirusha konde, konde linafika. Hapo hakuna neno. Lakini baada ya konde ule mkono unapanda hadi usawa wa sikio, halafu unasimama. Haukingi, haupigi. Unasimama tu, kitambo cha kupepesa jicho, na ni katika kitambo hicho hicho ndipo anapopigwa yeye. Konde, kusimama, kupigwa. Konde, kusimama, kupigwa. Kasimiri alihesabu mara thelathini na moja. Mzambia alikuwa mzito wa mikono, ndiyo maana Marsiana alipona. Lakini Jumamosi angekutana na Msenegali, mrefu, mwenye kutumia kushoto, ambaye katika mashindano yale yale alikwisha kuwaangusha wawili kabla ya raundi ya tatu. Mmoja wao alitolewa kwa machela, mguu mmoja unaning'inia.

Aliogopa. Aliogopa kiasi kwamba alisimama akaenda kunywa maji, akasahau kuyanywa.

Na kilichomuuma zaidi ni kwamba kosa lile aliijua asili yake. Miaka saba iliyopita alikwenda Mwimbi kuchomelea fremu ya mashine ya kusaga, akamkuta binti wa miaka kumi na mitano akipura ulezi na mama yake. Walisimama wakitazamana, kila mmoja na fimbo yake, masuke yamelala katikati yao kwenye uwanja uliosiribwa. Mama anapiga, binti ameinua. Binti anapiga, mama ameinua. Fimbo hazikugongana hata mara moja, na wimbo wao haukuyumba. Kasimiri alisahau kuchomelea. Binti yule alipokuja mjini kusoma sekondari akaona magunia ya mchanga na kuomba kujaribu, mwalimu alikwisha kuandaa somo. Aliwaweka mabondia wake wawili wawili, gunia moja katikati, kila mmoja upande wake. "Piga, ngoja! Piga, ngoja!" Aliyepiga kabla ya zamu yake alikimbizwa hadi Kizwite na kurudi.

Alijivuna kwa hilo, tena si kidogo. Alikwenda redioni akaeleza kwamba amevumbua ndondi za kupura, na wasikilizaji wakapiga simu kumpongeza. Mwaka juzi Baltazari, kocha wa timu ya taifa, alimwambia baada ya mashindano Mbeya: "Huyu binti wako ana adabu mno ulingoni." Kasimiri akamjibu kwa tabasamu na kumtukana moyoni. Alidhani ni wivu wa mtu wa Dar es Salaam. Nyani haoni kundule, na huyu wetu alikuwa amelizungusha lake redioni.

Alimpigia Marsiana. Simu ilikuwa imezimwa. Alikumbuka kwamba wachezaji walioingia fainali hunyang'anywa simu kambini ili watulie. Alimpigia Baltazari, ikaita, ikakatika. Akakaa akiwaza. Hata akimpata angemwambia nini? "Acha kungoja"? Binti ameambiwa angoje na mwalimu huyu huyu kwa miaka mitano. Mtu hafundishwi upya kwa simu katika siku moja. Kungekuwa na neno la kumfungua lingekuwa kwa yule aliyeuanza wimbo, mama yake, na yule hakuwa na salamu na Kasimiri.

Ijumaa alfajiri, baridi ya Julai ikiuma masikio, alipanda pikipiki kwenda Mwimbi.

*

Alimkuta Mama Marsiana uwanjani, nyuma ya nyumba, anapura peke yake. Jina lake ni Justa, lakini pale kijijini limebaki kwenye daftari la parokia tu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mabega ya kazi, kitenge kimefungwa kifuani juu ya sweta, nywele zimejaa vumbi la ulezi. Alimwona mgeni akishuka kwenye pikipiki, akamtambua, akaendelea na kazi.

"Za hapa, Mama Marsiana."

"Nzuri."

"Za kazi?"

"Unaiona."

Hakusema karibu. Ilikuwa haki yake. Alikuwa amemtoa mtoto kwenda kusoma, akaja kusikia kwa majirani kwamba mtoto anapigana hadharani kwa kaptura. Miaka miwili sasa mama na binti walipelekeana salamu kupitia kwa shangazi, na Kasimiri hakuwahi kupelekewa hata hizo.

Mwimbi mtu hasimamishi watu wanaopura. Ama unakaa pembeni hadi masuke yaishe, ama unashika fimbo. Kasimiri aliona fimbo ya pili imeegemezwa ukutani. Akaichukua, akasimama upande wa pili. Mama Marsiana hakumkataza. Alipiga, akainua fimbo usawa wa sikio, akaishikilia hapo. Kasimiri akapiga. Mama akapiga. Kasimiri akapiga. Mara ya tano au ya sita mwalimu alijiona amekwisha kuwa hodari, akawahi. Mama Marsiana aliuvuta mkono wake kwa ukali, na fimbo ya Kasimiri ikapita pale ulipokuwa.

"Na wewe unataka kunivunja?"

"Nisamehe, mama. Na mimi? Nani mwingine?"

Mama alimwonyesha mkono wa kulia. Kidole cha kati kilikuwa kimepinda kwenye kiungo cha juu, hakinyooki.

"Alikuwa na miaka saba. Hakungoja. Nilikaa wiki tatu sishiki jembe, na yeye wiki tatu hali vizuri. Kila nikitaka kukifunga kidole anakimbia kujificha ghalani. Tokea siku hiyo, mwalimu, mtoto yule hakuwahi tena. Hata umwamshe usingizini umpe fimbo, atapiga na kungoja."

Kasimiri aliiweka fimbo chini. Kumbe ile "piga, ngoja" haikuwa yake. Alimkuta binti tayari amefungwa, yeye akaongeza fundo.

"Nataka kukuonyesha kitu," alisema.

"Sitaki kumwona anapigana."

"Sitaki umwone anapigana. Nataka umwone anavyopigwa."

Hayo hayakuwa maneno ya adabu, lakini yalifanya kazi. Mama Marsiana alifuta mikono kwenye kitenge, akaja kusimama karibu naye. Kasimiri alikinga simu kwa kofia ili jua lisiwasumbue. Marsiana alirusha konde, mkono ukapanda hadi sikioni, ukasimama. Akapigwa. Akarusha, mkono ukapanda, ukasimama. Akapigwa shavuni, kichwa kikageuka. Mama yake alitoa sauti ndogo puani. Waliangalia raundi nzima ya pili, na midomo ya mama ilikuwa ikitikisika, anahesabu.

"Ananingoja mimi," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Anapiga cha kwake, halafu ananiachia nipige cha kwangu. Sasa anapigwa na huyo mwingine mahali pangu."

"Kesho anapigana na mtu hatari zaidi. Mama, wewe ndiye unayeujua wimbo ule. Kuna njia ya kumwambia asingoje?"

Mama Marsiana alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Nilimfundisha kungoja ili asimuumize mtu. Wewe umetoka Sumbawanga kunitaka nimfundishe kuumiza. Huyo mwingine hana mama?"

"Anaye, bila shaka. Sikudanganyi, mama. Marsiana akiacha kungoja, yule binti atapigwa. Asipoacha, atapigwa wako. Mimi nimeona mtu akitolewa kwa machela."

"Nenda zako, mwalimu."

Hakupaza sauti. Kasimiri alichukua kofia yake, akaanza kuisukuma pikipiki kuelekea barabarani, anajiona mjinga na mzee. Nyuma yake aliisikia fimbo ikianza tena. Pigo, kimya. Pigo, kimya. Alikuwa amefika kwenye ua wa miti ya minyaa ndipo kile kimya kikatoweka. Mapigo yalikuja mfululizo, mawili mawili, bila pengo, mazito. Aligeuka akidhani kuna mtu wa pili amefika. Alikuwa ni mama yule yule, peke yake, anapiga bila kuinua hadi sikioni, fimbo inatoka kiunoni na kurudi.

Kasimiri aliiacha pikipiki ikaanguka.

"Hiyo ni nini?"

Mama hakusimama. Alisema kati ya mapigo, pumzi zinamkatika. "Abeli wangu alipokuwa mchanga alikuwa analia sana. Tukipura, akilia, nilitoka kwenda kumnyonyesha. Wimbo haukatwi. Nilimwambia Marsiana: mama katoka, pura na cha mama. Basi anapiga cha kwake na changu. Hangoji, maana hakuna mkono wa mtu mbele yake." Akapiga mawili ya mwisho, akasimama. "Alikuwa na nguvu hizo na miaka kumi na miwili. Majirani walidhani tuko wawili."

Upepo ulipita ukabeba makapi. Mama Marsiana aliyaangalia yakienda.

"Mwambie hivi, wala usiongeze neno lako, maana nimesikia una maneno mengi redioni. Mwambie mama katoka. Apure na cha mama."

*

Mtandao wa Mwimbi una mahali pake, juu ya kichuguu karibu na zahanati, na siku ile kichuguu kilikuwa na foleni. Kasimiri alipopata nafasi alipiga mara nne. Mara ya tano Baltazari akapokea.

"Kasimiri, sina muda. Tunatoka kwenda kupima uzito."

"Niazime dakika moja. Marsiana anasimamisha mkono wa kulia baada ya kila konde."

"Nimeliona hilo tangu mwaka juzi. Nilikuambia."

Mficha uchi hazai, na kama kulikuwa na siku ya kuvua, ilikuwa hiyo, mbele ya foleni ya watu wa Mwimbi wanaosikiliza kila neno.

"Uliniambia, na nilikutukana moyoni. Ulikuwa sahihi. Kosa ni langu, nimelifundisha mwenyewe miaka mitano na kujisifu nalo. Sasa naomba umpelekee ujumbe wa mama yake. Sema: mama katoka, pura na cha mama."

Upande wa pili kikaja kicheko kifupi.

"Pura nini?"

"Ulezi. Atajua."

"Kasimiri, hii ni fainali ya bara. Nina mpango wangu. Nitamweka mbali na ule mkono wa kushoto, atacheza kwa miguu. Sasa nimwambie habari za ulezi, nimchanganye?"

"Sema tu hayo maneno sita. Nakuomba, kaka."

"Nitaona," Baltazari alisema, akakata.

Nitaona! Kasimiri alishuka kichuguuni na neno hilo, akalala nalo kwa katekista wa kijiji, akaamka nalo. Usiku kucha liliwasha kuliko makapi ya ulezi.

*

Jumamosi saa nane mchana kwetu, saa tano asubuhi kwao, kibanda cha video cha Fabiani pale Mwimbi kilikuwa kimejaa hadi dirishani. Fabiani alikuwa amewapandisha vijana kwenye mabenchi na kuwaketisha wazee mbele, na alijitangaza ndugu wa Marsiana kwa upande ambao hakuna aliyeujua. Kasimiri aliketishwa mbele pia. Alimtafuta Mama Marsiana kwa macho. Hakuwepo. Alipopita kwake asubuhi kumwambia saa ya pambano, mama alimjibu kwamba ulezi haujipuri.

Kwenye skrini Marsiana alipanda ulingoni na nguo nyekundu, kofia ya kinga kichwani, uso wake mdogo humo ndani. Msenegali, mwenye bluu, alimzidi kichwa kizima. Kasimiri alimtazama mwanafunzi wake akiruka ruka mahali pamoja, akajaribu kusoma kwenye macho yake kama ameambiwa. Hakuona kitu. Kengele ikalia.

Konde la kwanza la Marsiana lilifika safi, kibanda kikanguruma. Mkono ukapanda hadi sikioni.

"Hajaambiwa," Kasimiri alisema kwa sauti, na jirani yake akamuuliza nini.

Msenegali hakuharakisha. Alimwacha Marsiana apige mara tatu, mara nne, anamsoma. Kisha akaanza. Kila mkono uliposimama, kushoto kwake kuliingia. Shavuni. Puani. Tena puani. Kasimiri alikuwa akilijua kila konde kabla halijatoka, na kulijua hakukumsaidia kitu. Sekunde ishirini kabla ya kengele, moja lilimpata Marsiana kwenye taya na magoti yake yakakunjika. Alijishikilia kwenye kamba. Mzee mmoja mbele alifanya ishara ya msalaba. Matokeo ya raundi yalipoonyeshwa, majaji wote watano walikuwa wamempa Msenegali.

"Dada anakufa pale," kijana mmoja alisema.

"Funga domo lako, mshikaji," mwenzake akamjibu.

Raundi ya pili mpango wa Baltazari ulifanya kazi, mtu apewe haki yake. Marsiana alizunguka, akarusha na kutoka, akarusha na kutoka, na ule mkono ulioinuliwa ulikuwa mbali mno kufikiwa. Majaji watatu walimpa yeye, wawili Msenegali. Vijana walifanya hesabu: akiichukua raundi ya tatu bila ubishi, hao watatu wanampa dhahabu. Lakini Kasimiri hakuwa akitazama majaji. Alitazama miguu. Kuzunguka kunakula pumzi, na Marsiana alikuwa amezunguka dakika tatu na damu puani. Mwisho wa raundi Msenegali alimkuta kwenye kona akampiga kwa uzito wake wote, mara mbili, na Marsiana alirudi kwenye kiti akitembea kwa upande. Hatamaliza, Kasimiri aliwaza. Wataninyooshea kidole, nao watakuwa na haki. Nimemlea ili apigwe.

Mlangoni kulitokea msukumano. Watu wakapisha. Mama Marsiana aliingia na fimbo yake mkononi, makapi nyweleni, anahema kama mtu aliyetoka nyumbani mbio. Fabiani alitaka kumpa kiti, akakikataa. Akasimama pale pale kizingitini.

Skrini ilionyesha kona nyekundu kwa karibu, na kipaza sauti cha ulingoni kikaokota kila kitu: pumzi za Marsiana, maji yanavyomwagika, sauti ya Baltazari. Alikuwa amepiga magoti mbele yake, uso kwa uso. Aliongea haraka habari za miguu, habari za kutoka kushoto. Marsiana alitikisa kichwa bila kusikia. Macho yake yalikuwa mbali. Baltazari akanyamaza. Akamfuta damu. Kisha akasema polepole, kwa sauti ya mtu ambaye kapu lake limebaki tupu:

"Marsiana. Mama yako amesema ametoka. Pura na cha mama."

Kibanda kizima kiligeuka kumtazama mwanamke aliyesimama mlangoni. Yeye hakumtazama mtu. Na kwenye skrini kichwa cha Marsiana kiliinuka, macho yakarudi kutoka kule yalikokuwa, na akauliza kwa sauti ya mtoto kabisa:

"Mama?"

Kengele ikalia.

Alitoka taratibu, na Msenegali akamjia kama alivyozoea kumjia. Marsiana alirusha la kushoto. Msenegali alijua kinachofuata: mkono utapanda, utasimama, mlango utakuwa wazi. Akaingia mlangoni. Mkono wa kulia haukupanda. Ulitoka kiunoni, mfupi, ukamkuta anakuja, na nyuma yake kushoto tena, na nyuma yake kulia tena, mawili mawili, bila pengo. Msenegali alirudi nyuma hatua moja akiwa na mshangao usoni. Akajaribu tena. Akakuta vile vile.

Kasimiri alikuwa amesimama bila kujua. Alikuwa akipiga paja lake kwa ngumi kwa mdundo ule, na pembeni yake watu wa Mwimbi, waliopura tangu utotoni, walikuwa wameutambua. Mwanamke mmoja akauanza wimbo kwa Kifipa. Mwingine akaupokea. Hakuna aliyepiga kelele tena. Waliimba, kibanda kikatikisika kwa miguu, na Marsiana huko mbali, upande wa pili wa bara, akapura. Dakika ya mwisho Msenegali alikwenda chini kwa goti moja. Mwamuzi akamhesabia. Mama Marsiana alifunga macho.

"Ameinuka?" aliuliza.

"Ameinuka," Kasimiri alimwambia.

Akafumbua.

Kengele ya mwisho iliwakuta wote wawili wakiwa wamesimama, wameegemeana kwa uchovu. Mwamuzi akawashika mikono, mmoja huku na mwingine kule. Hapo wimbo wa kibanda ulikufa wenyewe. Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko raundi zote tatu. Mtangazaji alisoma kwa Kifaransa, akasoma kwa Kiingereza, majaji watatu kwa wawili, na mkono ulioinuliwa ulikuwa wa nguo nyekundu.

Mabenchi yalianguka. Fabiani alikumbatiwa na watu asiowapenda. Kasimiri alilia waziwazi, kamasi na yote, na hakujali. Kupitia machozi aliona kwamba kwenye skrini Marsiana haruki, hapungi bendera. Mwamuzi alikuwa ameuachia mkono wake wa kushoto. Wa kulia, akiwa bado na glovu, aliuinua mwenyewe, polepole, hadi usawa wa sikio, kiwiko kimekunjwa. Akauacha hapo. Wapiga picha walimwashia taa wakidhani anashangilia. Hakucheka wala hakuutikisa. Alikuwa anangoja.

Kelele zilipungua kibandani, mtu mmoja mmoja, kila aliyeelewa akimgusa mwenzake. Wakageuka mlangoni.

Mama Marsiana aliinua fimbo yake hadi usawa wa sikio. Kidole kilichopinda kilikuwa juu ya vile vingine. Akaipiga chini mara moja, kwa nguvu zake zote, na vumbi likaruka hadi kwenye magoti ya waliokaa mbele.

Fabiani alisema sakafu yake imepasuka. Mama Marsiana alikuwa bado ameinamia fimbo, mabega yanamtikisika, na Kasimiri alivuka mabenchi yaliyoanguka kwenda kusimama karibu naye.